Utumbo mpana kuziba kwa sababu adimu: maswali ya wagonjwa na ndugu zao, Moshi na Arusha

Maswali haya ndiyo yanayoulizwa kila siku kwenye mabenchi ya nje ya wodi za upasuaji. Majibu yake hayachukui nafasi ya daktari aliyemshika mgonjwa tumbo. Kama uliye naye sasa hivi amevimba tumbo, hajapata choo wala kutoa hewa tangu jana, acha kusoma. Tafuta gari kwanza, mengine utayasoma mkiwa hospitali.

Nitajuaje kwamba utumbo umeziba, siyo kukosa choo tu?

Uliza habari ya hewa. Aliyefunga choo cha kawaida bado anajamba. Utumbo mpana ukiziba kabisa, hata hewa haitoki. Wazee wengi wanaona haya kulitamka hilo mbele ya wakwe au wajukuu, basi watoeni nje ndugu wengine ili mzee aseme. Daktari ataliuliza mapema tu.

Tumbo huvimba na kukaza, na maumivu huja kwa vipindi. Kutapika huchelewa, tofauti na utumbo mwembamba ukiziba, ambapo mtu hutapika mapema. Kwa hiyo "hajatapika bado" isiwape moyo wa kusubiri asubuhi. Maumivu yakiacha kuja kwa vipindi na kuwa ya moja kwa moja, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio, au tumbo likawa haliguswi, huenda utumbo umeanza kufa au umetoboka.

Kwa nini madaktari wana haraka hivyo?

Kati ya utumbo mwembamba na mpana kuna vali. Kwa watu wengi vali hiyo hairuhusu kitu kurudi nyuma. Utumbo mpana ukiziba kwa chini, hewa inaendelea kuingia lakini haina pa kutokea, na shinikizo linaelemea mwanzo wa utumbo mpana, chini kulia, pale kilipo kidole tumbo. Sehemu hiyo ndiyo pana kuliko zote na ukuta wake ni mwembamba. Kwenye eksirei, upana wake ukizidi sentimita 9 tunasema imetanuka. Ikifika 12 tunaogopa itapasuka. Kinyesi kikimwagika ndani ya tumbo, hapo ugonjwa ni mwingine kabisa, na wengi hawavuki.

Mnaposema "sababu adimu", ni adimu kwa nani?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Vitabu vingi vya upasuaji vimeandikwa Ulaya na Marekani. Huko, zaidi ya nusu ya wanaoziba utumbo mpana wana saratani, wanafuatiwa na wenye vifuko vya utumbo vilivyovimba na kuacha makovu, kisha ndio wanakuja waliojisokota utumbo. Afrika Mashariki hesabu imegeuka. Kujisokota ni jambo la kawaida, hasa kwa wanaume watu wazima, na vile vifuko tunaviona mara chache. Kwa hiyo ukisoma mtandaoni kwamba ugonjwa wa baba yako ni "nadra sana", angalia kwanza aliyeandika yuko wapi.

Kwenye ukurasa huu nimeweka kujisokota kwa sababu ndiko kunakoulizwa zaidi, kisha yale ambayo hata hapa kwetu ni machache. Saratani si adimu tena, nayo ina maelezo yake. Nitaigusa tu inapolazimu.

Kujisokota ni nini? Ni kweli kunaletwa na ndizi na makande?

Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, chini kushoto, huitwa sigmoidi. Inaning'inia kwenye utando unaobeba mishipa ya damu. Kwa baadhi ya watu sigmoidi ni ndefu mno na shina la utando wake ni jembamba. Ikijaa, inazunguka juu ya shina hilo; njia ya choo inafungwa pande mbili, na mishipa ya damu inanyongwa.

Chakula chenye makapi mengi hufanya kinyesi kiwe kingi na utumbo urefuke kadiri miaka inavyokwenda, na wataalamu wamekihusisha na ugonjwa huu. Lakini watu wa Kibosho na Machame wamekula mtori na maharage maisha yao yote, na wengi wao hawajasokotwa na chochote. Makapi hayohayo yana faida nyingine kubwa. Usimkataze mzee makande kwa sababu ya ukurasa huu.

Kwenye eksirei ya tumbo, sigmoidi iliyojisokota huonekana kama punje kubwa ya kahawa iliyosimama, na mfereji wake katikati. Mkulima wa Kilimanjaro akionyeshwa picha hiyo hahitaji maelezo marefu.

Daktari anasema ataingiza mpira kwa nyuma badala ya kumpasua. Ni kupoteza muda?

Hapana, kama hakuna dalili kwamba utumbo umekufa. Mgonjwa analazwa ubavu wa kushoto, daktari anapitisha kifaa chenye taa kwenye njia ya haja kubwa hadi pale penye msokoto, halafu anapitisha mpira laini taratibu. Ukipita, hewa na kinyesi cha majimaji hutoka kwa kishindo. Ndiyo maana aliyezoea kazi hii husimama pembeni, na muuguzi ameshatandika mipira sakafuni. Tumbo linashuka mbele ya macho yenu, na mgonjwa aliyekuwa akigugumia anaomba maji. Mpira unaachwa siku 1 hadi 3.

Daktari akikuta ute wa damu, au ukuta wa utumbo umekuwa mweusi au wa zambarau, anasimama hapohapo na mgonjwa anakwenda chumba cha upasuaji.

Amefunguka na ni mzima. Kwa nini mnamng'ang'ania alazwe afanyiwe upasuaji?

Hapa ndipo tunapogombana na familia nyingi. Mpira umefungua msokoto, haujaupunguza urefu utumbo. Wengi wanaorudi nyumbani bila kukatwa sehemu hiyo hujisokota tena, na safari ya pili inaweza kumkuta Longido usiku wa mvua, hakuna gari. Upasuaji wa kupanga, uliofanywa siku chache baadaye, mgonjwa ameshaongezwa maji na damu imepimwa, una hatari ndogo sana kuliko ule wa dharura. Sigmoidi inakatwa, ncha mbili zinaunganishwa, na mara nyingi mfuko wa kinyesi hauhitajiki. Kuushona tu utumbo kwenye ukuta wa tumbo bila kuukata kuliwahi kupendwa. Shida yake ni kwamba msokoto hurudi.

Na kama utumbo umeshakufa?

Sehemu iliyokufa hukatwa bila kwanza kuunyoosha msokoto, maana ukiunyoosha, sumu iliyojikusanya humwagika kwenye mzunguko wa damu na presha ya mgonjwa inaporomoka mezani. Sehemu yenye mashaka hufunikwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, mtoa usingizi anaongeza oksijeni, na wote wanasubiri kama dakika 10. Ikirudisha wekundu, ikang'aa, na mishipa ikaonekana kupiga, inabaki. Ikibaki nyeusi na haisinyai ikiguswa, inatoka.

Baada ya kukata, daktari aidha anaunganisha, au anatoa ncha ya juu kwenye ngozi ya tumbo, kinyesi kitokee hapo kwenye mfuko, na kufunga ile ya chini. Njia hii ya pili inaitwa Hartmann, kwa jina la mpasuaji Mfaransa aliyeieleza mwaka 1921 kwa ajili ya saratani. Miaka zaidi ya 100 baadaye bado inaokoa watu wa Same na Karatu waliofika wakiwa hoi.

Tumeambiwa "utumbo umepiga fundo". Ni tofauti na kujisokota?

Ni tofauti, na ni mbaya zaidi. Utumbo mwembamba unajizungusha kwenye shina la sigmoidi na kukaza, kwa hiyo vyote viwili vinanyongwa kwa mpigo. Ni ugonjwa adimu duniani, lakini Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu unakoripotiwa zaidi, Uganda hasa. Umehusishwa na kula mlo mmoja mkubwa kwa siku, tena usiku, pamoja na kinywaji kingi.

Mgonjwa wa fundo haendi taratibu. Anaweza kulala mzima na kufika alfajiri akiwa na mshtuko wa mwili: baridi, jasho, presha haipimiki. Eksirei inachanganya, kwa sababu inaonyesha dalili za utumbo mwembamba na mpana kuziba kwa pamoja. Mpira wa nyuma hausaidii na usijaribiwe kwa kubahatisha. Anawekewa dripu za kasi, antibayotiki na damu, kisha moja kwa moja mezani, ambako mara nyingi vipande viwili vya utumbo hukatwa. Utumbo mwembamba huweza kuunganishwa papo hapo. Wa chini hutegemea hali ya mgonjwa.

Upande wa kulia nao unaweza kujisokota?

Ndiyo, kwa wachache ambao mwanzo wa utumbo mpana haukushikamana vizuri na ukuta wa nyuma tangu kuzaliwa. Mpira wa nyuma haufiki huko, na kamera ndefu hufanikiwa mara chache. Tiba ni kukata upande wa kulia na kuunganisha.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, tumbo limekaza na hapati choo. Wifi yake anasema ni chango.

Neno chango limebeba mambo mengi mno. Mfuko wa uzazi unapokua huisukuma sigmoidi juu, na ikiwa ni ndefu inaweza kujisokota. Hatari kubwa ni kuchelewa, kwa sababu tumbo kubwa, kichefuchefu na kufunga choo vyote vinaonekana ni mambo ya ujauzito. Kinachotofautisha ni hewa kutotoka kabisa na maumivu yanayozidi.

Eksirei moja ya tumbo isiwatishe. Mionzi inayomfikia mtoto ni midogo, chini sana ya miligrei 50 (miligrei ni kipimo cha mionzi), kiwango ambacho chini yake hakuna ushahidi wa madhara ya kimaumbile kwa kichanga. Utumbo uliotoboka ndani ya mama ni hatari isiyolinganishwa na picha hiyo. Mama kama huyu aende hospitali yenye wapasuaji na wakunga pamoja, na wote wamwone siku hiyohiyo.

Tumeambiwa ni TB ya tumbo. Lakini hakohoi!

TB hukaa mahali pengi. Kwenye matumbo hupenda pale utumbo mwembamba unapoingia mpana. Inafika huko kwa makohozi yaliyomezwa, kwa damu, au kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye TB. Kwa ndugu zetu wafugaji wa Monduli na Simanjiro hili la maziwa si la kupuuza: chemsha. Mgonjwa hupungua uzito, hutokwa jasho usiku, tumbo linauma kwa miezi, kisha siku moja linaziba. Ukilishika unaweza kuhisi uvimbe chini kulia.

Ni ugonjwa unaofanana na saratani hata mezani, tumbo likiwa wazi. Kama njia haijafungwa kabisa, kinyama kidogo hukatwa kikapimwe maabara, kipimo cha VVU hufanywa, na dawa za TB huanza. Kwa kawaida ni miezi 6, na nchini kwetu hutolewa bila malipo. Kanda hii ina Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ambayo kazi yake imekuwa TB tangu enzi za mkoloni. Upasuaji unabaki kwa aliyeziba kabisa, aliyetoboka, au ambaye kovu limebana baada ya dawa. Hapo hukatwa sehemu ndogo tu, au panapobana panapanuliwa bila kukatwa.

Mtu mzima anaweza kupata "utumbo kuingia ndani ya utumbo"? Nilidhani ni ya watoto.

Wengi ni watoto kweli. Watu wazima ni kama 5 katika kila 100. Kwa mtoto mara nyingi hakuna chanzo kinachoonekana, na akiwahiwa anaweza kurudishiwa kwa hewa au maji kupitia nyuma. Kwa mtu mzima karibu kila mara kuna kitu kilichovutwa: uvimbe wa mafuta, kinyama kilichoota, au saratani. Kwenye utumbo mpana, saratani ni zaidi ya nusu. Ndiyo maana daktari hauvuti utumbo urudi. Anaikata sehemu yote jinsi ilivyo, asije akasambaza seli.

Dada anakula udongo tangu apate mimba. Unaweza kuziba?

Unaweza. Ule udongo unaouzwa sokoni ukila kidogo hauzibi, lakini wanaokula vipande vingi kila siku hufunga choo, na udongo ukichanganyika na kinyesi unakauka na kukaa kama ulivyo. Mbegu nyingi za mapera zilizomezwa nazo zimewahi kuziba njia ya haja kubwa. Wengi hutolewa kwa kidole, mafuta na maji, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kidogo. Kazi isiyo na heshima, ila inamwepusha na kisu. Kisha apimwe wingi wa damu, maana hamu ya udongo mara nyingi inakwenda na upungufu wa madini ya chuma.

Mama alijifungua kwa upasuaji siku tatu zilizopita. Tumbo limefura, nao wanasema hakuna kilichoziba. Inawezekanaje?

Inawezekana. Utumbo mpana umegoma kusukuma ingawa njia iko wazi. Aliyeeleza hali hii mwaka 1948 ni mpasuaji Mwingereza, Ogilvie, na jina lake limebaki. Huwapata waliojifungua kwa upasuaji, wazee waliovunjika nyonga, na wenye maambukizi makali au upungufu wa potasiamu.

Kumpasua mgonjwa huyu bila sababu ni kumuumiza bure, kwa hiyo CT-Scan hufanywa kuhakikisha hakuna kizuizi. Kisha potasiamu inarekebishwa, dawa kali za maumivu zinapunguzwa, anageuzwa na kutembezwa. Asipofunguka kwa siku moja au mbili, hupewa neostigmini, dawa ya kuuamsha utumbo, miligramu 2 kwenye mshipa, taratibu, huku moyo ukifuatiliwa na atropini, dawa ya kuyapandisha mapigo, iko mkononi, kwa sababu mapigo yanaweza kushuka ghafla. Mara nyingi hewa hutoka ndani ya dakika chache, na wodi nzima inajua.

Kuna sababu nyingine gani?

Amiba iliyokaa muda mrefu hujenga uvimbe unaofanana na saratani, lakini huyeyuka kwa dawa ya metronidazo. Kichocho cha tumbo huacha makovu na vinyama, hasa kwa waliokulia Kanda ya Ziwa. Ngiri ya kinena inaweza kumeza sigmoidi. Jiwe la nyongo linaweza kutoboa na kushuka hadi likanasa. Nimelitaja kwa ukamilifu tu, usilihangaikie. Saratani ya shingo ya kizazi hubana kwa nje, na mionzi inayoitibu huweza kuacha kovu linalobana miaka baadaye.

La kukazia ni endometriosisi, yaani tishu ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota pasipo pake, ikiwemo kwenye utumbo. Binti anayeumia kwenda haja kubwa kila akiwa kwenye siku zake, mwezi baada ya mwezi, asiambiwe avumilie mpaka azae.

Kijana wa miaka 19 amekuwa akikaa wiki bila choo tangu utotoni. Ni tabia tu?

Uliza kama alipozaliwa alichelewa kutoa choo cha kwanza zaidi ya siku mbili. Anaweza kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haikupata seli za neva. Humpata mtoto 1 kati ya takriban 5,000, na wachache huvuka utoto bila kugunduliwa. Kinyama kidogo hukatwa kuthibitisha. Tiba ni kuondoa sehemu isiyo na neva na kuushusha utumbo wenye neva hadi chini, mara nyingi baada ya kukaa na mfuko kwa muda.

Tumempa sanamaki na enema ya mitishamba. Tumekosea?

Msiongeze nyingine. Sanamaki inaulazimisha utumbo kusukuma dhidi ya ukuta. Enema kwenye utumbo uliolegea inaweza kuutoboa. Mwambieni daktari kila kitu mlichompa, hata kama kilitoka kwa mama mkwe. Hakuna atakayewafokea, na kama yupo, bado mwambieni.

Familia inamsubiri mjomba kutoka Dar aje atoe ruhusa.

Mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu anajiamulia mwenyewe. Mjomba apigiwe simu, daktari azungumze naye, huku dripu, mpira wa pua na mpira wa mkojo vikiendelea. Gharama nazo zisiwazuie mlangoni: ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, iwe Mawenzi, Mount Meru au KCMC.

Mfuko wa kinyesi ni wa maisha?

Kwa magonjwa mengi ya ukurasa huu, hapana. Hurudishwa baada ya miezi kama 3 hadi 6, mgonjwa akiwa amenenepa na kidonda kimekaa sawa. Mifuko ya dukani ni ghali na haipatikani kila mahali. Zamani watu walifunga rambo, mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2019; sasa wengi hutumia vitambaa safi vinavyofuliwa. Kinachosumbua ni ngozi. Oshea maji na sabuni ya kawaida, kausha, paka mafuta ya zinki. Tundu la utumbo pale tumboni huwa jekundu lenye unyevu, ndiyo rangi yake. Likiwa jeusi, rudi siku hiyohiyo.

Kinyama kilichokatwa kinakwenda wapi?

Maabara ya patholojia, na jibu huchukua siku au wiki. Wengi hawarudi kulichukua kwa sababu tumbo limepona. Rudini. Ndilo linalotenganisha TB, amiba, endometriosisi na saratani, na hakuna mpasuaji anayeweza kuapa kwa macho tu. Aliyezidi miaka 45 aulize pia kuhusu kupimwa utumbo mzima kwa kamera.

Mimi ni mgumu, napandisha mizigo Kilimanjaro. Nitarudi lini mlimani?

Baada ya tumbo kufunguliwa, usinyanyue kizito kwa wiki 6 angalau. Kwa kazi yako mimi ningesema miezi 3. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na kilo 20 kichwani kwenye mteremko zinavuta mshono vilivyo, hasa kama una mfuko, kwani ngiri hupenda kutokea pembeni yake. Kama ulifunguliwa kwa mpira tu na bado hujakatwa sigmoidi, usipande. Hewa ya tumboni hutanuka kadiri unavyopanda, na kule juu, mita 5,895, kanieneo la hewa ni kama nusu ya lile la pwani. Ukijisokota kambi ya Barafu usiku, kukushusha hadi Moshi ni saa nyingi za machela.